Picha Iliyozidi Kioo

Ofisini kwetu mjini Kakamega kuna stoo ya vitu vilivyochoka. Juzi fundi alitoa humo kioo cha kompyuta cha zamani, vile vyenye mgongo mkubwa, akakichomeka kwenye umeme aone kama bado kina uhai. Kilinguruma kidogo, kikawaka kijivu, kisha kikaanza kutoa ile harufu: vumbi linaloungua, plastiki ya moto, na kitu kingine kama waya uliolowa ukakaushwa juani. Wenzangu waliziba pua wakacheka. Mimi niliinuka nikatoka nje, nikasimama kwenye varanda nikijifanya napokea simu.

Harufu ile ndiyo iliyokuwa harufu ya sebule yetu kule Shinyalu mwaka aliofariki Baba. Sijawahi kumweleza mtu habari za mwaka ule zikaisha. Leo nitawaeleza ninyi, kwa kuwa hamnijui na hamtanikuta sokoni.

Mama alikuwa mpiga chapa. Aliwapigia walimu mitihani, wazee barua za kwa chifu, na majirani kile kijitabu cha mazishi chenye wasifu wa marehemu na nyimbo za kuimba. Baba ndiye aliyemletea kompyuta. Aliinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa, akaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaja nayo polepole huku akitukanwa na kila mwenye haraka. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na ikawekwa sebuleni juu ya meza ambayo tangu siku hiyo hatukuruhusiwa kuiwekea hata kikombe.

Nilikuwa na miaka kumi, na kwenye mashine ile nilikuwa fundi wa jambo moja tu: picha za kioo. Namaanisha ile picha inayokaa nyuma ya kila kitu ukiwasha kompyuta. Mama alipomaliza kazi zake nilipewa nafasi ya kuchezea, na badala ya kucheza karata kama watoto wengine, mimi nilibadilisha picha. Niliweka maporomoko ya maji, nikaweka maua, nikaweka kinda la tumbili lililopigwa picha na mgeni kule msitu wa Buyangu. Nilijifunza mwenyewe kwamba picha na kioo ni nadra kulingana. Picha ikiwa ndogo, kompyuta ilikuuliza: niiweke katikati, niirudierudie kama vigae mpaka ijaze, ama niinyooshe? Ukiinyoosha, watu wanabadilika maumbo. Dawa ilikuwa kuifungua kwanza kwenye programu ya kuchorea, uipunguze kwa asilimia, ukate kilichozidi, halafu ndipo uiweke. Walimu waliokuja kuchukua mitihani walinisifu kwa Mama. Mama alijibu, "Huyu ndiye mkubwa wangu," na mimi nilivimba kichwa mpaka usiku.

Hilo neno mkubwa mlishike. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi naitwa Musimbi, kwa hiyo Mama alikuwa Mama Musimbi na Baba alikuwa Baba Musimbi, dukani, kanisani, hata kwenye kituo cha kununulia majani chai. Wadogo zangu wawili, wavulana, hawakuwa na bahati hiyo, na nilihakikisha hawasahau. Tukigombana nilikuwa nikiwaambia, "Kwani nyinyi mmewahi kumpa mtu jina?"

Baba aliugua muda mfupi, akafa. Mkinisamehe, nitaipita hiyo njia haraka.

Siku ya mazishi, boma likiwa limejaa watu na viti vya kanisa, lori lilisimama nje ya ua na wakashuka wageni kutoka Mautuma, kule Lugari, ambako Baba aliwahi kufanya kazi ya kutengeneza trekta kabla ya kumwoa Mama. Waliingia wakilia kwa sauti kubwa. "Baba Mmbone! Baba Mmbone ametuacha!" Mimi nilijua kosa linapotokea. Jumamosi kwetu mazishi huwa mawili, matatu, na kupotea si ajabu. Nikamwendea mama mmoja aliyekuwa mbele, nikamvuta leso, nikamwambia kwa adabu zote nilizofundishwa kwamba hapa ni kwa Baba Musimbi, labda matanga yao yako mbele kidogo, wakiteremka mpaka mtoni watayaona.

Yule mama alinyamaza ghafla, akanitazama usoni muda mrefu. Kisha akaendelea kulia, lakini sasa bila sauti. Alikuwa ameshika mkono wa msichana aliyenizidi kidogo kwa urefu, mwembamba, mwenye paji la uso la Baba.

Sikuelezwa kitu. Nadhani watu wazima waliona kwamba kwa vile nina macho, nitajisomea mwenyewe.

Ninyi mnaotoka mbali huenda mtashangaa, lakini kwetu kabla ya jeneza kuteremshwa watu huitwa kwa zamu wapigwe picha nalo. Huitwa wanakwaya, huitwa wakwe, huitwa kina mama wa chama, kila kundi likisimama nyuma ya jeneza na marehemu akionekana usoni kupitia kioo kidogo kilichowekwa kwenye kifuniko. Picha hizo hazifichwi. Huwekwa kwenye albamu kati ya harusi na ubatizo, na mgeni akija anafunguliwa aone. Zamu ya watoto ilipofika, Baba mdogo Lihanda, mdogo wake Baba aliyekuwa akisimamia shughuli, alitushika mabega mmoja mmoja akitupanga. Mimi nilikwenda moja kwa moja upande wa kichwa, kwa sababu hilo nilikuwa nimeliona kwenye mazishi mengine ya ukoo wetu: watoto hupangwa kwa kuzaliwa, na wa kwanza husimama kichwani.

"Wewe sogea huku," Baba mdogo akaniambia. "Mkubwa ndiye anasimamanga kichwani."

Akamchukua yule msichana wa Mautuma, akamweka mahali pangu. Mimi nikawa wa pili. Baada yangu wakaja wadogo zangu, na miguuni akasimama Baba mdogo mwenyewe, na kofia yake, kwa niaba ya ukoo. Mpiga picha akatuambia tumwangalie. Nyuma yake niliwaona watu wote wa Shinyalu walionijua wakituangalia, na nikaona wananihesabu upya. Kile kijitabu cha mazishi kilikuwa mikononi mwao. Mama alikuwa amekipiga chapa mwenyewe kwa siku mbili bila kulala vizuri, na kilisema Baba ameacha mjane na watoto watatu.

Wageni wa Mautuma waliondoka na lori lao. Nyumbani hakuna aliyetaja jina la Mmbone. Wiki kadhaa baadaye mpiga picha alileta picha zake kwenye flashi, akazihamishia kwenye kompyuta yetu, akasema kadi ya kamera ameisafisha kwa kuwa Jumamosi nyingine ina mazishi mengine. Mama alichagua chache za kusafishwa kwenye karatasi: yake na jeneza, ya wanakwaya, ya kaburini. Ya watoto hakuichagua. Kwa hiyo mjue kwamba ilibaki ndani ya ile mashine tu, na hapakuwa na nyingine duniani.

Alasiri moja ya mvua, Mama akaniita. Alikuwa amekaa mbele ya kioo ambacho bado kilikuwa na kinda wangu wa tumbili.

"Musimbi, hebu toa hiyo mnyama. Niwekee baba yako hapo, nikiwasha nimuone kwanza kabla sijaanza kazi."

"Ile gani, Mama?"

Alifikiri. Au labda hakufikiri. Nimeirudia dakika ile mara nyingi mpaka sijui tena nilichokiona na nilichokiongeza. "Ile yenu watoto," akasema. "Lakini uitengeneze ikae vizuri." Akainuka akatoka nyuma ya jikoni kuchuma mboga bustanini mwake, akaniacha peke yangu na meza.

Nikaifungua. Kamera ile ilipiga picha pana, na kubwa kuliko kioo chetu mara kadhaa. Nilipoiweka katikati bila kuipunguza, kioo kizima kilijaa vifungo vya koti la mdogo wangu. Nilipoipunguza sana na kuiambia ijirudie, yakatokea majeneza kumi na mawili yamepangwa kama matofali, na mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa nyuma yangu akaanza kulia, "Wamekufa wengi! Wamekufa wengi!" Nikamcheka, nikamfukuza. Nilipoinyoosha, jeneza lilinenepa na sisi sote tukarefuka tukakonda kama mahindi yaliyoota chini ya mti. Baba kwenye kile kioo chake kidogo akawa mtu mwingine, mwenye uso mrefu, mtu asiyetufahamu.

Nikarudi mwanzo. Nikaipunguza kwa asilimia mpaka urefu wake ukalingana na kioo sawasawa. Watu wakawa watu, Baba akawa Baba. Lakini upana ulizidi. Ulizidi kidogo tu, kama vidole viwili vyangu nikivilaza juu ya kioo. Vidole viwili hivyo vilipaswa kutoka mahali.

Upande wa kulia alikuwepo Baba mdogo na kofia yake. Upande wa kushoto alikuwepo Mmbone.

Nawaambieni ukweli kwa sababu ndicho nilichokuja kufanya hapa: kulikuwa na njia ya tatu. Ningeweza kuipunguza zaidi mpaka upana uingie wote, na juu na chini ingebaki mistari miwili myeusi. Nilikuwa nimefanya hivyo na picha ya kwaya, na hakuna aliyelalamika. Niliijua njia hiyo kama ninavyoijua njia ya kwenda kisimani. Nilikaa pale mvua ikigonga mabati, nikivuta ule mraba wa nukta nukta unaoonyesha kitakachobaki mpaka upande mmoja, nikauvuta mpaka upande wa pili. Ukienda kushoto, Mmbone anaingia na Baba mdogo anatoka. Ukienda kulia, Mmbone anatoka, na mimi ndiye ninayekuwa kichwani.

Nikaikata kushoto.

Haikukatika safi. Mmbone alikuwa ameunyoosha mkono wake akaulaza juu ya mbao karibu kabisa na kile kioo cha uso wa Baba, na nisingeweza kuuondoa bila kuukata uso wenyewe. Kwa hiyo mkono ulibaki. Vidole vyembamba vya mtoto juu ya jeneza, vikitokea ukingoni bila mwenyewe. Nikaiambia kompyuta ihifadhi. Ikaniuliza, kwa adabu kama inavyouliza siku zote, kwamba picha yenye jina hili ipo tayari, je, nataka hii mpya ichukue nafasi yake? Nilikuwa nimejibu swali hilo mara nyingi. Ungeweza kubonyeza hapana, ukaipa mpya jina lingine, na zote mbili zikaishi.

Nilibonyeza ndiyo.

Mama alirudi na mboga zake kwenye ungo, akasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. Aliangalia kioo, akaangalia, matone ya maji yakidondoka kwenye sakafu kutoka kwenye majani. "Imekaa vizuri," akasema mwishowe, na akaweka mkono kichwani mwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi.

Walikuja likizo iliyofuata. Mmbone na mama yake, kwa miguu kutoka barabarani, mama akiwa na mfuko wa mahindi kichwani na Mmbone akiwa na kuku amemkumbatia kama mtoto. Mama aliwapokea vizuri. Hakuna atakayesema Mama hakujua kupokea wageni. Alisema "Mulembe" na wao wakaitikia "Mulembe," akawakalisha, akawatengenezea chai ya maziwa mengi, akaenda jikoni kusonga obusuma, yaani ugali. Sisi watoto tulikaa tukiangaliana. Mmbone alikuwa na soksi nyeupe ambazo tope la Shinyalu lilikuwa limezimaliza, na kila mara alikuwa akizivuta juu.

Baada ya kula, mama yake alikohoa kidogo, akasema:

"Mama Musimbi, sisi hatujakuja na maneno mingi. Hatujakuja kwa mambo ya shamba. Huyu mtoto anasumbuanga tu, kila siku picha, picha. Alipigwa hapa na baba yake, harafu hajawahi kuiona. Hana ingine na yeye. Tungeomba hiyo moja."

Mimi sikusikia picha. Nilisikia shamba. Nilikuwa nimekaa chini ya mazungumzo ya watu wazima miezi mingi, na nilijua kwamba mtu akisema hajaja kwa mambo ya shamba, ndiyo amekuja kwa hayo. Nilijua barua za kwa chifu zinavyoandikwa, maana zilipigiwa chapa nyumbani kwetu. Niliona Mmbone akiibeba ile picha mbele ya wazee wa ukoo, akiwaonyesha aliposimama, na watu wakianza kumwita Baba kwa jina lake hata kaburini.

"Si mumuonyeshe tu," mama yake akasema. "Hata kama ni kwa hiyo mashine."

Mama aliinuka, akaondoa kile kitambaa cheupe, akawasha. Tulingoja. Mlisikia nilivyowaeleza ile harufu. Ndipo ilipojaa sebule nzima, kisha Baba akatokea. Mmbone alisogea mpaka karibu kabisa. Aliangalia kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayesoma mstari kinyume, akafika ukingoni, akarudi tena.

"Mimi niko wapi?"

Aliinama zaidi. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya kioo, pale kwenye vile vidole visivyo na mwenyewe. Nikasikia zile cheche ndogo ambazo vioo vya zamani hutoa ukivigusa.

"Huyu mkono ni yangu," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemwonyesha mtu kitu kilichookotwa njiani. Mama aliangalia sakafu. Halafu, bila kuinua uso, akaniuliza, "Musimbi, hakuna ingine?"

Angeweza kujibu mwenyewe. Aliiona picha ile nzima kabla yangu. Lakini aliniuliza mimi, mtoto wa miaka kumi, mbele ya wageni, na mimi nikamwangalia Mmbone machoni, nikasema, "Ndiyo hii tu. Mpiga picha alituletea hivi."

Mama Mmbone alimaliza chai yake yote, maana kuiacha kungekuwa tusi. Alifunga leso yake upya. "Basi," akasema, akimgeukia Mmbone. "Twende, mama. Tumefika na tumeona." Akamshukuru Mama kwa chakula. Kuku wao walituachia.

Jioni hiyo Mama alimchinja yule kuku. Sasa, kwetu ingokho, yaani kuku, haigawanywi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na firigisi, tunayoiita imondo, ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto hakosei akaigusa, na mwanamke hata haulizi. Tangu Baba afariki, kuku alipopikwa imondo ilibaki kwenye sufuria mpaka Baba mdogo apite. Siku ile Mama aliichota kwa mwiko, akaangalia sahani zote, akaiweka kwenye sahani yangu. Wadogo zangu walitoa macho. Niliitafuna. Ilikuwa ngumu, na nilipoimeza nilitoka nje nikaitapika kwenye mboga zake.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilisikia msemo huo shuleni wiki iliyofuata, mwalimu akatuambia tutunge sentensi. Sikutunga.

Miaka ikaenda. Ile picha ilibaki kwenye kioo, na kila asubuhi nilipofungua mashine niliziba ukingo wa kushoto kwa madirisha ya kazi. Kisha alasiri moja ikaja radi, zile za Kakamega zisizobisha hodi, ikapita kwenye waya wa umeme na kuiua kompyuta na kila kilichokuwemo. Mama alilia. Mimi nilikwenda chooni nikamshukuru Mungu, na nikaogopa kwamba nimemshukuru.

Nilipokuwa kidato cha nne, ukoo ulikaa kugawa shamba la Baba. Nilikaa nyuma na kina mama. Baba mdogo Lihanda alisimama, akavua kofia, akaita majina. "Wa kwanza, Mmbone." Akasema hivyo tu, kama anayesema leo ni Jumanne. Hakuna mzee aliyeuliza ushahidi, hakuna aliyetaka picha. Mmoja alisema, "Tulimuona kichwani," wakaendelea na mipaka. Mama hakupinga. Mmbone mwenyewe hakuja. Mama yake alikuja, akaonyeshwa sehemu ya binti yake kule chini karibu na mto, akasalimia watu, akarudi Mautuma.

Mngedhani nilipumua. Nilipumua kweli, kwa muda. Nilijiambia kumbe sikumdhuru mtu, mchezo wa mtoto ulipita bila kuvunja chungu. Mama yu hai mpaka leo, anatembea kwa fimbo, na jambo hili hatujawahi kulitia mdomoni. Sijui kama siku ile alikwenda kuchuma mboga ama alikwenda ili asiwepo. Wakati mwingine namwonea huruma: mjane mpya, na kila asubuhi alitakiwa kujua kwamba jina wanalomwita lilikuwa la pili. Wakati mwingine nakasirika kwamba aliniachia mimi kipanya. Hisia zote mbili zimekaa ndani yangu kwa miaka na hazijasalimiana.

Mwaka jana, Agosti, nilikwenda Mautuma. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta Mmbone uani akipukuchua mahindi, mama wa watoto watatu, paji la uso ni lile lile. Alinitambua kabla sijafika.

"Karibu, mdogo wangu," akasema, akanisogezea kigoda.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakaniponyoka. "Dada, ile picha, ni mimi nilikukata."

"Najua." Hindi lilizunguka kwenye viganja vyake, punje zikamwagika. "Siku hiyo mama yako aliangalia chini. Wewe uliniangalia mimi."

Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Aliniambia kwamba Baba alimwacha akiwa hajaanza kutembea, na kwamba siku ya mazishi ndiyo siku ya kwanza aliyokuwa karibu naye akijua ni nani. Lakini siku yenyewe imempotea. Anakumbuka lori, anakumbuka mkono wa Baba mdogo begani, halafu ni kama ukungu mpaka wako njiani wanarudi. Ndiyo maana alitaka picha ile. Si ya kumwonyesha mtu.

"Mama yangu hakuiona. Mpiga picha hata simjui. Wewe ndiye uliiangalia sana," akasema. Aliweka gunzi chini, akapangusa mikono kwenye sketi. "Hebu niambie. Nilikuwanga aje pale?"

Nikamwambia. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa nayo yote. Gauni la bluu lenye kola nyeupe, kubwa kidogo, la kuazima. Sweta imefungwa kiunoni. Kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka. Kivuli cha mgomba kikipita juu ya bega lake. Mkono wa kushoto juu ya mbao, vidole vitatu vikigusa kile kioo. Alisikiliza amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikirudia: bluu, kola nyeupe, vidole vitatu.

"Na uso?" akauliza. "Nilikuwa nalia, ama nilikuwa namwangalia?"

Nikatafuta. Nilikaa alasiri nzima mbele ya picha ile, nikijua kwa upana wa vidole vyangu alianzia wapi na aliishia wapi. Nilijua nafasi yake, ya kwanza, na yangu, ya pili. Usoni sikuwa nimemwangalia. Kuongopa kungekuwa rahisi. Ningesema ulikuwa unamwangalia, dada, naye angelichukua neno hilo akalitunza maisha yake yote, na labda angewasimulia watoto wake.

"Sijui," nikasema. "Dada, sijui."

Aliitikia kwa kichwa, akachukua hindi lingine.

Miaka yote ile niliogopa kwamba nilimnyang'anya kitu cha kuwaonyesha wazee wa ukoo, na wazee hawakukihitaji. Walimpa chake bila kuulizwa mara mbili. Nilichomnyang'anya ni kujua kama alilia siku alipomzika baba yake, na hicho hakuna baraza litakalokaa kumrudishia.